Mbegu sita za tumbaku ya siga: ipi inafaa bustani ya nyumbani

Wauzaji wa mbegu za tumbaku Marekani wamezoea kuieleza mbegu kwa ladha. Pakiti hii ina kakao, ile ina pilipili, nyingine inanukia mbao za mwerezi. Mwenye bustani nyuma ya nyumba Ohio au Pennsylvania husoma hayo, huagiza aina tatu za Kikuba, na ikifika Oktoba ana rundo la majani makavu ya kijani yanayonuka nyasi. Mbegu haikuwa mbovu. Alichokosa ni habari ambazo pakiti haiandiki: jani lina unene gani, huvunwa na shina lake au huchumwa moja moja, hukaa likining'inia wiki ngapi, na linataka hewa yenye unyevu kiasi gani ili ligeuke kahawia kabla halijakauka.

Ndiyo maana tathmini hii inaanzia kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kisha inarudi shambani. Tumechukua aina sita zinazopatikana bila taabu kwa wauzaji wa mbegu za bustani Amerika Kaskazini, na tumezipima kwa swali moja: mtu mwenye gereji au banda la mbao, asiye na bani la kitaalamu, atapata siga inayovutika?

Pima hewa kabla ya kununua mbegu

Jani la siga hukaushwa kwa hewa tupu, bila moto wala mvuke. Siku za mwanzo likining'inia bado li hai. Linatumia wanga wake, rangi ya kijani inavunjika, njano inatokea, kisha kahawia. Kazi hiyo yote inahitaji maji ndani ya jani. Unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 60 kwa siku nyingi, maji hutoka kabla kazi haijaisha na kijani hubaki. Hakuna uchachushaji, yaani kulivundika jani kwa joto na unyevu, utakaokiondoa baadaye. Ukizidi asilimia 85 na hewa haitembei, majani huoza yakiwa yananing'inia, na uozo huanzia kwenye uti, hasa pale yanapogusana. Kinachotafutwa ni asilimia 65 hadi 75, na joto la nyuzi 18 hadi 30.

Kipima unyevu cha dola kumi kinafaa kutangulia mbegu. Kitundike mahali utakapokaushia, usome asubuhi na jioni kwa wiki mbili za mwishoni mwa Agosti au Septemba. Namba utakazopata zinachagua nusu ya mbegu zako. Hewa kavu inataka jani nene linalokatwa pamoja na shina, kwa sababu shina huendelea kulipa jani maji na kuchelewesha ukaukaji. Hewa nzito yenye unyevu inataka jani jembamba, lichumwe moja moja na litundikwe kwa nafasi. Anayeishi Colorado akapanda jani jembamba la Kikuba amejitafutia kijani. Anayeishi pwani ya Georgia akatundika mashina mazima ya jani nene ndani ya gereji isiyo na dirisha atavuna ukungu.

Connecticut Broadleaf

Hii ndiyo mbegu tunayoipa nafasi ya kwanza kwa mtu mwenye hewa ya wastani au kavu kidogo. Ni tumbaku ya bonde la mto Connecticut, na ndiyo inayotoa majani ya nje, meusi na mazito, ya siga nyingi zinazouzwa kwa jina la maduro. Mmea ni mfupi na mpana. Ukishakatwa kilele hubaki na urefu wa mita moja hivi, na majani 16 hadi 18 yanayoinama, makubwa yakifikia sentimita 60 kwa urefu. Usibane miche: sentimita 60 kati ya mche na mche, mita moja kati ya mistari. Ukiibana, majani ya chini husuguana na kutoboka, na jani la nje lenye tundu halivishi kitu.

Hulimwa juani, haihitaji hema. Maua yakianza kuonekana, kata kilele, kisha pita kila baada ya siku nne au tano kuvunja maotea kwenye vikwapa vya majani. Hapa ndipo wengi hulegea. Otea lililoachwa wiki mbili hunyonya uzito wa majani ya juu, na majani hayo ndiyo yenye mafuta. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya tano baada ya kukata kilele, jani huwa zito, hupata mabaka ya njano, na ukilikunja linavunjika kwa mlio. Hapo limeiva. Likikatwa kabla ya hapo hukauka jembamba, na rangi haiwi nyeusi hata ulichachushe vipi.

Kata shina zima umande ukishakauka, ulilaze chini kwa saa moja hivi mpaka majani yalegee, kisha uyachome mashina matano au sita kwenye ufito wa mita 1.2. Ukiyatundika kabla hayajalegea, majani hukatika kama biskuti. Ukiyasahau juani mchana kutwa, yanaungua mabaka ya kijani yasiyotoka. Likining'inia huchukua wiki sita hadi nane. Uti wa kati ndio kipimo: ukiwa bado laini na mnene, jani halijakauka, hata kama sehemu nyingine ni kahawia tupu. Ukifunga majani yenye uti mbichi, ukungu unaanzia humo na kusambaa rundo zima.

Udhaifu wa Broadleaf ni upepo na mvua ya mawe. Jani pana namna hiyo halina pa kujificha, na dhoruba moja inaweza kuligeuza jani la nje kuwa jani la ndani. Hata hivyo hakuna kinachopotea kabisa, maana jani lililochanika bado ni ujazo mzuri wa ndani ya siga.

Connecticut Shade

Iache. Siyo kwamba jani lake ni baya. Ndilo jani la nje jembamba, la dhahabu, linalosifiwa. Lakini tangu mwaka 1900, lilipoanza kujaribiwa chini ya hema za kitambaa kule Windsor, Connecticut, ubora wake umetokana na kivuli hicho. Kitambaa hupunguza jua na hutunza unyevu, jani likatanuka na kuwa jembamba. Utahitaji nguzo zenye urefu wa zaidi ya mita mbili, kitambaa juu na pembeni, kamba ya kushikilia kila mmea, na kuchuma majani mawili matatu kwa zamu kuanzia chini. Likipandwa juani bila hema huwa nene, na hapo halina linachoizidi Broadleaf. Nje ya Connecticut, wanaopata jani jembamba bila hema ni wale wenye wingu la kudumu: jani la nje la Cameroon, lenye asili ya mbegu ya Sumatra, hupata kivuli chake mawinguni. Bustani yako Maryland haina wingu hilo.

Havana 142

Mbegu hii haina jina kubwa, na kwa anayeanza ndiyo tunayoiamini kuliko zote. Ilichaguliwa Wisconsin kwa ajili ya jani la kufungia, lile linaloshikilia majani ya ndani yasitawanyike kabla ya kuvika jani la nje. Kwa kazi hiyo jani linatakiwa kuwa na mnyumbuko, lisipasuke likivutwa, na liwake vizuri, na Havana 142 inafanya yote matatu. Pia inastahimili ugonjwa wa kuoza mizizi kwa rangi nyeusi, ambao hushamiri penye udongo baridi wenye chokaa nyingi. Kama udongo wako una pH inayozidi 6, sababu hiyo peke yake inatosha kuichagua.

Jani lake lina unene wa kati, hivyo linasamehe. Hewa ikiyumba kati ya asilimia 55 na 80 bado litageuka kahawia. Unaweza kukata shina zima au kuchuma moja moja. Na kwa kuwa siga iliyovikwa Havana 142 nje na ndani haichukizi hata kidogo, anayetaka aina moja tu kwa mwaka wa kwanza aichukue hii na asitazame nyuma.

Pennsylvania Red na Little Dutch

Pennsylvania Red inatoka kwenye ukoo wa tumbaku za Lancaster, ambako wakulima wa Amish na Mennonite wamekuwa wakilima jani la siga kwa vizazi vingi. Ni jani zito, kali, la kujazia ndani. Siga yenye jani hili peke yake humlemea mvutaji; theluthi moja ya mchanganyiko inatosha. Inakua kwa nguvu, haina madeko, na mmea mmoja uliotunzwa hutoa gramu 90 hivi za majani makavu. Tatizo lake ni muda. Isipochachushwa kikamilifu huuma koo na kutoa harufu ya amonia hata baada ya miezi sita.

Little Dutch ya bonde la Miami, Ohio, ni kinyume chake. Mmea mdogo, majani membamba kama mkuki, nafasi ya sentimita 45 inautosha. Huiva mapema, kwa hiyo inawafaa watu wa Minnesota au Ontario ambao baridi kali huwawahi Septemba. Harufu yake ni tamu na mavuno ni madogo. Ni jani la kulainisha Pennsylvania Red, na zikichanganywa hivyo zinaelewana sana.

Criollo 98 na jamaa zake wa Cuba

Mbegu zenye majina ya Cuba ndizo zinazouzwa zaidi, kwa hiyo zinahitaji maneno mengi kidogo. Corojo ya zamani ililimwa miongo mingi kwa ajili ya jani la nje, chini ya kitambaa, na Criollo ya zamani ililimwa juani kwa ajili ya majani ya ndani. Zote mbili zilikuwa dhaifu mbele ya ukungu wa buluu, ugonjwa ulioangamiza sehemu kubwa ya zao la Cuba mwaka 1979 na 1980. Criollo 98 na Corojo 99 zilizalishwa ili zistahimili ugonjwa huo. Habano 2000 ilitangulia katika jitihada hizo hizo, ila ilipata sifa mbaya ya kuwaka kwa shida, na hatuoni sababu ya mtu wa bustani kuanza nayo.

Kati ya hizo tunachagua Criollo 98. Thamani yake ni kwamba mmea mmoja unatoa ujazo kamili. Majani ya chini, volado, ni mepesi na huwaka upesi. Ya katikati, seco, ndiyo yenye harufu. Ya juu, ligero, ni mazito, makali, na huwaka polepole, ndiyo maana huwekwa katikati kabisa ya siga. Ili upate faida hiyo lazima uchume kwa zamu tatu au nne, siku saba hadi kumi kati ya zamu na zamu, na kila zamu iwe na lebo yake tangu siku ya kutundika. Yakishakuwa kahawia yote hufanana, na hutaweza kuyatenga kwa macho. Anayekata shina zima la Criollo na kuchanganya majani ametupa kile alicholipia.

Gharama zake ni tatu. Maotea yake ni mengi kuliko ya Broadleaf, na yanarudi tena baada ya kuvunjwa. Mavuno ni karibu nusu: tarajia gramu 50 kwa mmea. Na jani jembamba lililochumwa moja moja hukauka upesi, kwa hiyo banda kavu litaliacha kijani. Penye hewa kavu, funika mistari ya majani kwa plastiki kwa wiki ya kwanza, ukiacha upenyo chini, umwage maji sakafuni jioni. Likishakuwa njano lote, fungua. Mtu asitarajie pia kwamba mbegu italeta ladha ya Vuelta Abajo, eneo la Cuba linalosifika kwa tumbaku. Ladha ile ni udongo wa Pinar del Río, jua lake na uchachushaji wa wajuzi wake. Mbegu ni sehemu moja tu.

Lawama zinazopewa mbegu bila haki

Malalamiko ya kawaida zaidi kuhusu mbegu yoyote ya siga ni kwamba jani haliwaki: siga inazima kila dakika mbili na majivu ni meusi. Mara nyingi kosa ni klorini iliyoingia kwa mbolea. Tumbaku huinyonya klorini kwa wingi na kuihifadhi jani zima, na jani lenye klorini nyingi halishiki moto. Usitumie potasiamu kloridi, ambayo ndiyo potasiamu ya bei rahisi madukani. Tumia potasiamu salfeti. Jihadhari na samadi mbichi ya kuku na ng'ombe kwa sababu hiyo hiyo, na ardhi yenye chumvi karibu na bahari haifai kabisa, iwe New Jersey au Tanga.

Nitrojeni nayo ina wakati wake. Tumbaku ya siga hula nitrojeni nyingi kuliko ile ya mvuke (inayokaushwa kwa joto la tanuri) wanayoijua wakulima wa Tabora na Urambo. Broadleaf inahitaji gramu 12 hivi kwa mmea, Criollo nusu yake. Wakulima wa Connecticut wametumia mashudu ya pamba kwa muda mrefu, na bado ni chaguo zuri: yana nitrojeni kama asilimia 6, kwa hiyo gramu 200 kwa mmea wa Broadleaf, nusu wakati wa kupandikiza na nusu wiki tatu baadaye. Ukiongeza mbolea baada ya wiki ya tano, jani halikubali kuiva, linakuwa kijani kibichi mpaka baridi inalikuta.

Kuhusu kuota, mbegu za tumbaku ni ndogo kiasi kwamba gramu moja ina zaidi ya 10,000, na zinahitaji mwanga. Zikifukiwa hazioti, na mnunuzi huandika kwamba pakiti ilikuwa imekufa. Zinyunyize juu ya udongo laini uliolowa, usizifunike, weka joto la nyuzi 21 hadi 27, na umwagilie kutoka chini kwa kuweka trei ndani ya maji. Huota ndani ya siku 7 hadi 14. Udongo ukibaki chepechepe bila hewa, ugonjwa wa kinyausi utalaza miche yote kwa usiku mmoja. Miche huwa tayari ikiwa na wiki sita hadi nane, na usiipande pale palipokuwa na nyanya, viazi au pilipili mwaka uliotangulia. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa kama unavuta sigara, kwani virusi vya batobato vya tumbaku husafiri kwa vidole.

Na vaa glavu na mikono mirefu majani yakiwa na umande au mvua. Nikotini hupita kwenye ngozi pamoja na maji hayo, na matokeo ni kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Watoto wasisaidie kuvuna.

Uchachushaji unabadilisha hukumu

Viwandani, majani hurundikwa kwa mamia ya kilo na rundo hujipasha joto lenyewe. Kilo mbili za nyumbani haziwezi. Kinachofanya kazi ni sanduku lenye kuta nene za kuzuia joto, mara nyingi friji iliyokufa, ndani yake chungu cha umeme chenye maji, themostati, na feni ndogo. Joto liwe nyuzi 50 hivi na unyevu asilimia 70 hadi 75. Joto likishuka chini ya 45 kwa siku kadhaa, ukungu hupata nafasi. Likipanda mno, vimeng'enya vya jani hufa na kazi husimama, jani likabaki na ukali wake. Fungua mara moja kwa wiki. Wiki za mwanzo amonia itakuchoma macho, na hiyo ni dalili nzuri. Amonia ikiisha na harufu ya mkate au zabibu kavu ikaja, jani liko tayari.

Havana 142 na Criollo 98 hufika hapo kwa wiki nne hadi sita. Broadleaf na Pennsylvania Red zitataka wiki nane, na ligero nzito pengine zaidi. Asiye na sanduku la namna hii asipande Pennsylvania Red kabisa. Abaki na Havana 142 na Little Dutch, ayaweke majani mahali pasipo na jua kwa mwaka mmoja hadi miwili, yakipata unyevu wa majira ya joto na kukauka wakati wa baridi. Yatalainika polepole yenyewe.

Ununue ngapi

Siga ya ukubwa wa robusto, yaani fupi na nene, hula gramu 14 hivi za jani lililotolewa uti, na uti huondoa karibu robo ya uzito. Anayetaka siga mbili kwa wiki anahitaji kilo mbili za majani makavu kwa mwaka. Tungepanda Broadleaf 8, Criollo 98 mimea 10, Havana 142 sita na Pennsylvania Red sita: mimea 30, eneo la mita za mraba 16 hivi, mavuno ya kilo mbili na kidogo. Broadleaf nane zitatoa majani safi ya nje ya kutosha, kwa kuwa jani moja zuri huvisha siga mbili, nusu ya kulia na nusu ya kushoto. Usichanganye nusu hizo kwenye rundo moja, maana huviringishwa kwa kuelekea pande tofauti ili mishipa ifuate urefu wa siga.

Pakiti moja ya kila aina inatosha kwa miaka mingi. Mbegu zikihifadhiwa kavu na baridi huota hata baada ya miaka mitano. Ukitaka kuvuna zako, acha mmea mmoja wa kila aina bila kukata kilele na uvike maua mfuko wa kitambaa chembamba kabla hayajafunguka. Tumbaku hujichavusha yenyewe, lakini nyuki hawajui mpaka kati ya Criollo na Broadleaf.

Sheria nazo ziangaliwe kwanza. Marekani, kulima kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji kibali cha serikali kuu. Kuuza siga ulizotengeneza ni jambo jingine kabisa. Canada inaruhusu kilo 15 kwa mwaka kwa kila mtu mzima anayeishi mahali tumbaku ilipolimwa. Tanzania kilimo cha tumbaku kiko chini ya Bodi ya Tumbaku kwa sheria ya mwaka 2001, kwa hiyo mwenye shamba Mbinga au Njombe anayevutiwa na Havana 142 aanzie ofisi ya bodi kabla hajaagiza pakiti kutoka nje.